Václav Havel: Rais Aliyewatwika Raia Dhamana

Siku ya Mwaka Mpya wa 1990 Václav Havel, mtunzi wa tamthilia ambaye mwezi wa Mei uliotangulia ndipo alipotolewa gerezani, aliwahutubia wananchi wa Chekoslovakia kwa mara ya kwanza akiwa rais wao. Kwa muda wa miaka arobaini wananchi hao walikuwa wamezoea kusikia, kila siku kama hiyo ilipowadia, ya kuwa nchi yao imeneemeka, ya kuwa viwanda vyao vimefua mamilioni ya tani za feleji, na ya kuwa mustakabali wao umejaa nuru. Nao walisikiliza hali wakijua kuwa mambo sivyo yalivyo, na msemaji naye alijua kuwa wanajua. Havel aliwaambia kuwa hakudhani kama wamemweka katika cheo kile ili naye aendelee kuwadanganya. Nchi haikuneemeka, alisema. Maji, hewa na ardhi vilikuwa vimechafuliwa, vipaji vya watu vilikuwa vikipotea bure, na baya kuliko yote, nyoyo zenyewe zilikuwa zimeugua kwa kuzoea kunena jambo moja na kuamini jingine. Kisha akafika mahali ambapo wanasiasa wengi huogopa kufika: alisema kuwa utawala ule wa mabavu haukuendeshwa na wachache waliokuwa juu peke yao, maana kila mmoja, kwa kadiri yake, aliuzoea, akaukubali, na kwa kuukubali akausaidia kudumu.

Tangu siku ile hata leo watu wameupima urithi wa Havel kwa vipimo mbalimbali. Wako wanaomsifu kwa kuwa alisimama mbele ya taifa lililotoka katika ukomunisti pasipo kumwaga damu, na wako wanaomlaumu kwa kuwa nchi ile ile ilivunjika vipande viwili katika zama zake. Kwa maoni yangu ufunguo wa urithi huo umo katika hotuba ile ya kwanza. Mtawala mpya, aghalabu, huwapa raia zawadi moja ambayo haimgharimu kitu, nayo ni kuwaondolea lawama: huwaambia kuwa waovu walikuwa wengine, na sasa wamekwisha ondoka. Havel aliwanyima watu wake zawadi hiyo, na mahali pake akawapa dhamana. Mambo mengi aliyoyatenda baadaye, yaliyompatia heshima na yaliyompatia uadui, yalitokana na itikadi hiyo moja, kuwa dhamana ya nchi ni ya kila mtu. Na hata makosa yake hufahamika vizuri zaidi yakitazamwa kwa mwanga wake.

Alizaliwa Praha tarehe 5 Oktoba 1936 katika ukoo wa matajiri. Babu yake alijenga jumba la Lucerna katikati ya mji, na ami yake alianzisha studio za filamu za Barrandov, ambazo ni mashuhuri mpaka leo. Wakomunisti walipotwaa serikali mwezi wa Februari 1948 mali za ukoo zilichukuliwa, na kijana Václav, kwa kosa la nasaba ambalo hakulitenda yeye, alifungiwa njia ya elimu aliyoitamani. Alifanya kazi katika maabara ya kemia huku akisoma shule ya usiku, akatumikia jeshi, kisha akaingia katika ulimwengu wa tamthilia kwa kuanzia chini kabisa, akiwa mtumishi wa kupanga na kupangua vyombo vya jukwaani. Kutoka hapo alipanda mpaka akawa mtunzi ambaye kazi zake zilichezwa katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Katika tamthilia yake iliyochezwa 1965 aliionyesha ofisi moja iliyoamriwa kutumia lugha ya kubuni, ambayo hakuna aliyeweza kujifunza, lakini ambayo kila mtumishi alilazimika kuistahi; na watazamaji walioketi katika ukumbi mdogo wa Praha hawakuhitaji kuelezwa ni ofisi gani iliyokusudiwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalivuka mipaka kuyazima mageuzi ya Alexander Dubček, kiongozi wa chama ambaye alitaka ukomunisti wenye utu. Katika miaka ya ukimya iliyofuata kazi za Havel zilipigwa marufuku, na mwaka wa 1974 mtunzi huyo mwenye jina alikuwa akivingirisha mapipa katika kiwanda cha bia cha Trutnov. Mwezi wa Januari 1977 yeye na wenzake zaidi ya 200 walitangaza waraka uliojulikana kwa jina la Hati ya 77. Waraka huo haukuhubiri uasi; uliitaka serikali itimize ahadi zake yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imetia sahihi makubaliano ya Helsinki ya 1975 na mikataba ya kimataifa ya haki za binadamu. Wasemaji wa kwanza wa Hati walikuwa watatu: Havel, Jiří Hájek aliyekuwa waziri wa mambo ya nje katika mwaka wa mageuzi, na mwanafalsafa Jan Patočka. Patočka, mzee wa miaka 69, alifariki dunia mwezi wa Machi mwaka ule ule, baada ya kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi.

Mwaka uliofuata Havel aliandika insha ndefu juu ya nguvu za wasio na nguvu, akaitunuku kwa marehemu rafiki yake. Katika insha hiyo yumo mtu wa kubuni ambaye ni muuza mboga, anayeweka dirishani mwa duka lake, katikati ya vitunguu na karoti, bango linalowataka wafanyakazi wa dunia waungane. Muuza mboga huyo haliamini bango lake wala hajali maana yake. Amelipokea pamoja na bidhaa, na analiweka kwa sababu wote huliweka, na kwa sababu asipoliweka huenda akaulizwa. Wapita njia nao hawalisomi. Lakini kila mmoja, kwa kutundika bango lake, humshurutisha jirani atundike la kwake, na hivyo raia wote, walio dhalili na walio wakubwa, huwa wamefumwa katika wavu mmoja wa uwongo, wakiwa wafungwa na walinzi wa wafungwa kwa wakati mmoja. Siku muuza mboga atakapokataa kutundika bango, adhabu itamshukia hakika, kwa kuwa ameonyesha hadharani kuwa mtu anaweza kuishi katika ukweli. Hapo ndipo ilipozaliwa hotuba ya Mwaka Mpya, miaka kumi na zaidi kabla haijatamkwa.

Havel mwenyewe hakuepuka adhabu aliyoieleza. Mwaka wa 1979, kwa sababu ya kazi ya kamati iliyowatetea watu walioshitakiwa kwa dhuluma, alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu, akafanya kazi ngumu za gerezani, na kila juma akamwandikia mkewe Olga barua ambazo wakubwa wa gereza walizichuja neno kwa neno. Aliachiliwa 1983 kwa kuwa siha yake ilikuwa imeharibika vibaya.

Ukomunisti wa Chekoslovakia ulianguka kwa kasi ambayo hata wapinzani wake hawakuitazamia. Tarehe 17 Novemba 1989 wanafunzi wa Praha waliandamana kukumbuka miaka hamsini tangu Wanazi walipovifunga vyuo vikuu vya Wacheki. Tarehe hiyo ilijulikana hata kwa Waafrika, maana Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofunguliwa Praha 1961, kilikuwa kimewapokea vijana waliotoka katika nchi zetu mpya kusoma huko. Polisi waliwapiga waandamanaji kwa marungu, na kipigo hicho kikawa cheche. Siku mbili baadaye Havel na wenzake waliunda Jukwaa la Raia katika ukumbi mmoja wa tamthilia. Siku ya saba viongozi wakuu wa chama walijiuzulu. Tarehe 27 ulifanyika mgomo mkuu nchini kote. Na tarehe 29 Desemba Bunge la Shirikisho, ambalo wengi wa wajumbe wake walikuwa bado ni Wakomunisti, lilimchagua mfungwa wa jana kuwa rais wa jamhuri.

Alipoketi katika ngome ya Praha, Havel alianza kutenda kama alivyonena. Alitoa msamaha mpana, na zaidi ya wafungwa 20,000 wakaachiliwa, kwa kuwa aliamini kuwa mahakama za utawala uliopita hazikuwa na insafu na kuwa jamii nayo ilishiriki kuwafanya watu wale walivyokuwa. Wengi walimlaumu, hasa baadhi ya walioachiliwa waliporudia uhalifu, na lawama hiyo ilimfuata kwa miaka mingi. Jambo jingine lililowaudhi wananchi zaidi lilihusu Wajerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani wapatao milioni tatu, ambao wazee wao waliishi katika nchi hiyo kwa karne nyingi, walifukuzwa wote kwa jumla, mwenye hatia na asiye na hatia. Chekoslovakia ilikuwa imeonewa na Hitler kuliko nchi nyingi, na kwa hiyo hakuna aliyetaka kusikia kuwa nayo ilimwonea mtu. Havel, katika siku zile zile za mwanzo, alitamka kuwa kufukuzwa kule kulikuwa kitendo kiovu kilichotokana na hamu ya kisasi. Barua za ghadhabu zilimiminika. Lakini mwaka wa 1997 serikali ya Wacheki na ya Ujerumani zilitia sahihi tamko la maridhiano, kila upande ukikiri uovu wake.

Mtihani mzito zaidi ulikuwa wa wale waliouhudumia utawala wa zamani. Mwaka wa 1991 Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia waliokuwa wakuu wa chama, maafisa wa polisi wa siri na wapasha habari wao kushika vyeo vikubwa vya umma. Havel alikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya sheria hiyo, kwa kuwa mafaili yaliyotegemewa kuwa ushahidi yaliandikwa na makachero wenyewe, na jina la mtu liliweza kuingizwa humo pasipo yeye kujua. Lakini aliitia sahihi, kisha akaomba irekebishwe. Waliotaka kisasi walimwona mlegevu, na waliotaka msamaha walimwona amewasaliti. Haikuwa rahisi kwa mtu aliyesema kuwa wote walishiriki kukubali orodha ya wachache. Wala haikuwa rahisi kuwaeleza walioteswa kwamba aliyewatesa atabaki katika kiti chake. Kati ya haki hizo mbili hakupata njia iliyowatosha wote, na sidhani kuwa kuna nchi iliyoipata.

Pamoja na sifa hizo, urithi wa Havel una upande wa hasara, na insafu inatutaka tuueleze. Mwanzoni mwa 1990 serikali yake ilitangaza kuwa nchi itaacha biashara ya silaha, na ulimwengu ulishangilia. Lakini viwanda vya vifaru na mizinga vilikuwa kwa wingi upande wa Slovakia, na mafundi waliopoteza riziki walikuwa Waslovaki. Yaani dhamiri ya nchi nzima ilisafishwa kwa gharama ya familia za miji michache, nao waliolipa gharama hiyo hawakuwa wameulizwa. Hapo mafundisho ya dhamana ya wote yalikosa sharti lake la lazima, ambalo ni kuigawa taabu kwa usawa. Manung'uniko hayo, pamoja na mengine ya zamani, yalimfaa Vladimír Mečiar, aliyeshinda uchaguzi wa Juni 1992 katika Slovakia, wakati Václav Klaus alipokuwa akishinda upande wa Wacheki. Havel alitaka wananchi waulizwe kwa kura ya maoni, na mamia ya maelfu ya watu walitia sahihi kuiomba, lakini Bunge halikukubali. Wajumbe wa Slovakia walimnyima kura ya kumrudisha katika urais, naye akajiuzulu tarehe 20 Julai. Ulipoingia mwaka wa 1993 Chekoslovakia haikuwapo tena. Iliachana bila risasi moja, wakati ambapo Yugoslavia ilikuwa ikioga damu, na amani hiyo si jambo dogo. Lakini rais aliyewaambia raia kuwa serikali yao imerudi mikononi mwao aliishuhudia nchi yao ikigawanywa na viongozi wawili, pasipo wao kuulizwa.

Mwezi wa Januari 1993 alichaguliwa kuwa rais wa Jamhuri mpya ya Cheki, akaitumikia kwa miaka kumi. Mamlaka yake kikatiba yalikuwa machache, maana serikali iliongozwa na waziri mkuu, na waziri mkuu huyo alikuwa Klaus, mwanauchumi aliyeamini kuwa soko huria likiachiwa nafasi litatengeneza mengine yote. Mashirika ya umma yaligawiwa wananchi kwa hati za hisa; wako walionufaika, na wako wajanja waliokomba mali za mifuko na mabenki kabla sheria haijawahi kuwashika. Desemba 1997, baada ya serikali ya Klaus kuanguka kwa kashfa ya fedha za chama, Havel aliwahutubia wabunge na maseneta, akawaambia kuwa soko ni chombo cha lazima, lakini taifa lililoharakisha kugawa mali na kuchelewesha sheria na adili limejijengea nyumba juu ya mchanga. Wengi walimwona mzee mwenye kiburi cha kuwasuta watu. Alikuwa ameugua saratani ya pafu mwaka mmoja kabla, na mkewe Olga alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1996. Lakini sauti yake haikupungua ukali.

Aliiingiza nchi yake katika jumuiya ya NATO mwezi wa Machi 1999, na akaitengenezea njia ya kuingia Umoja wa Ulaya, ambako iliingia Mei 2004 baada ya yeye kuondoka. Tena, siku tatu kabla ya kutoka madarakani mwanzoni mwa Februari 2003, ilitangazwa barua ya viongozi wanane wa Ulaya waliosimama pamoja na Marekani juu ya Iraki, na jina lake limo. Alizaliwa katika nchi ambayo mataifa makubwa yalimpa Hitler sehemu yake mjini München 1938 kwa kutumaini amani, na aliamini kuwa dhulma ya jeuri haiondolewi kwa kunyamaza. Lakini vita vilivyofuata viliwaletea watu wa Iraki misiba isiyo na hesabu, na katika nchi za Waarabu na za Kiafrika wako wengi ambao kwao sahihi ile iliipunguza heba ya mtu aliyejulikana kwa kuwatetea wanyonge. Lawama hiyo ni ya haki, na wanaompenda hawana budi kuipokea, kwa kuwa mwalimu wa dhamana hawezi kuachwa nje ya dhamana.

Iko habari moja ambayo, naona, inaubainisha urithi wake kuliko majina yote yaliyobandikwa katika majengo. Karibu na kijiji cha Lety, kusini mwa Praha, palikuwa na kambi ambamo wakati wa vita walifungwa Waroma, watu wanaoitwa kwa dharau wazururaji, na zaidi ya 300 kati yao, wengi wakiwa watoto, walifia humo. Waliosalia, wengi wao walipelekwa Auschwitz. Walinzi wa kambi hiyo walikuwa Wacheki. Wakomunisti walijenga mahali hapo mazizi ya nguruwe. Mwezi wa Mei 1995 Havel alikwenda kuzindua ukumbusho wa wafu hao, katika nchi ambayo wengi hawakutaka kabisa kusikia habari zao. Nguruwe walibaki hapo miaka yote ya urais wake na hata baada ya kufa kwake. Lakini neno lililokwisha semwa hadharani na mkuu wa nchi halikuweza kurudishwa. Waroma wenyewe na wenzao waliendelea kudai, serikali ikayanunua mazizi 2017, yakabomolewa, na 2024 pakafunguliwa makumbusho. Alianza mmoja, wakamaliza wengine ambao hakuna aliyewaamuru.

Sisi wa Afrika Mashariki tulizipokea habari za Praha na Berlin na Bucharest kama watu zinaowahusu. Mifumo ya chama kimoja ilikuwa imetawala kwetu pia, ijapokuwa kwa asili na sababu nyingine. Mjadala wa vyama vingi ulichangamka mwaka ule ule wa 1990, Kenya ikabadili katiba yake Desemba 1991 na Tanzania ikafuata 1992. Tulijifunza upesi kuwa kubadili sheria ya vyama ni kazi ya siku chache za Bunge. Kazi ambayo Havel aliiita ya kwanza, yaani kila raia kujiuliza alishiriki vipi katika yaliyopita, haina siku ya kupitishwa, wala hapana serikali inayoweza kuitenda kwa niaba ya watu.

Havel alifariki dunia tarehe 18 Desemba 2011. Waliomfuata katika kiti chake, Klaus na kisha Miloš Zeman, walikuwa wapinzani wa fikira zake, na kwa miaka ishirini ilionekana kana kwamba taifa limeamua kumheshimu kwa majina tu: uwanja wa ndege wa Praha uliitwa kwa jina lake 2012, na Baraza la Ulaya likaanzisha tuzo ya haki za binadamu yenye jina lake 2013. Mwaka wa 2023, hata hivyo, raia walimchagua jenerali mstaafu Petr Pavel, ambaye katika ujana wake alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, jambo ambalo hakulificha na ambalo alilikiri kuwa kosa. Wapo walioona kuwa uchaguzi huo ni kushindwa kwa yote aliyoyapigania Havel. Mimi naona kinyume chake. Taifa lililomkubali mtu aliyekosa, akakiri kosa lake, akaishi maisha mengine, ndilo lililoifahamu hotuba ya 1990 kuliko wale walioigeuza kuwa silaha ya kuwapigia wenzao. Wanaomgeuza Havel kuwa mtakatifu wanamdhulumu, kwa sababu mtakatifu huwapumzisha watu, nao humwachia yeye kazi ya wema. Na yeye alitaka kinyume cha hayo. Urithi aliouacha utadumu kwa kadiri ile ile ambayo raia, wa nchi yake na wa nchi nyingine, watakubali kuulizwa juu ya mabango yao wenyewe, na kujibu pasipo kumtaja jirani.